Namna ya kufuatilia wajibu wa kila taasisi katika mauzo ya korosho kwa stakabadhi ghalani

Korosho ghafi inayotoka shambani Newala au Tandahimba hupita mikononi mwa taasisi kadhaa kabla mkulima hajaona fedha kwenye akaunti yake: chama cha msingi (ushirika wa wakulima wa eneo moja), msafirishaji, mwendesha ghala, chama kikuu (muungano wa vyama vya msingi), mnunuzi na benki. Juu ya hizo wapo wasimamizi, yaani Bodi ya Korosho Tanzania, Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala, Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na siku hizi Soko la Bidhaa Tanzania linaloendesha minada kwa njia ya mtandao. Hakuna taasisi hata moja kati ya hizo inayoiona safari yote ya mzigo. Kila moja ina vitabu vyake na watumishi wake, na inajua vizuri kazi yake tu. Ndiyo maana mkulima anapouliza fedha zake zimefika wapi, mara nyingi hujibiwa kwamba bado zinashughulikiwa, na anayejibu hivyo hasemi uongo, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui zaidi ya hapo.

Mfumo huu wa stakabadhi ghalani, ambao mzigo hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa hati inayouthibitisha, ulianza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya mwaka 2005, na kwa muda wote huo malalamiko makubwa yamekuwa juu ya bei. Naamini sehemu kubwa ya hasara ya mkulima haitokani na bei peke yake, bali na ahadi ambazo taasisi moja iliiahidi nyingine na hakuna aliyezifuatilia hadi siku ya mwisho. Mwongozo huu unamlenga katibu meneja, karani au mjumbe wa bodi wa chama cha msingi, ambaye ndiye anayesimama mbele ya wakulima siku ya mkutano. Lengo lake ni kumwezesha kujua, siku yoyote ya msimu, nani anadaiwa nini na nani, tangu lini, na kwa ushahidi gani.

Jambo la kwanza ni kutofautisha kazi na wajibu. Kazi ni yale yanayofanyika ndani ya taasisi: namna msafirishaji anavyopanga madereva wake, namna chama kikuu kinavyogawa majukumu kwa wahasibu wake, namna mwendesha ghala anavyopanga magunia. Hayo huwezi kuyaona, na huna sababu ya kuyachungulia. Wajibu ni kile ambacho taasisi moja inadaiwa na nyingine, na huonekana pale vitu vinapobadilishana mikono: mzigo, hati, taarifa au fedha. Ukijaribu kufuatilia kazi za wenzako utagombana nao bila faida. Ukifuatilia makabidhiano, utakuwa unadai haki yako tu.

Kaa na bodi yako kabla ya msimu kufunguliwa, ikiwezekana mwezi wa Agosti au Septemba, mkiwa na mikataba yote mezani pamoja na mwongozo wa mauzo wa msimu husika kutoka Bodi ya Korosho. Pitieni kila makabidhiano na kuandika wajibu uliomo kwa sentensi kamili. Sentensi hiyo lazima iseme anayedaiwa, anayedai, tukio linaloufanya wajibu uanze kudaiwa, muda wa kuutimiza, hati itakayothibitisha kwamba umetimizwa, na kitakachofuata usipotimizwa. Kwa mfano: “Mwendesha ghala anawajibika kwa chama cha msingi kutoa stakabadhi ya ghala yenye uzito na daraja la mzigo, kabla ya saa kumi jioni ya siku ya kazi inayofuata baada ya mzigo kushushwa na kupimwa, ushahidi ni nakala ya stakabadhi yenye sahihi na mhuri, ikichelewa, taarifa itapelekwa kwa maandishi kwa chama kikuu siku hiyohiyo.” Muda niliouweka hapo ni wa mfano tu, nanyi mtaweka ule uliomo kwenye mkataba wenu. Lakini mkikuta mkataba unasema “mapema iwezekanavyo”, elewaneni na upande wa pili mpaka maneno hayo yageuke kuwa siku au saa, maana wajibu usio na muda hauwezi kusemwa kwamba umevunjwa.

Wengi huandika anayedaiwa na muda, kisha wakaliacha tukio la kuanzia, ilhali hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Wajibu mwingi katika biashara hii una sharti. Mnunuzi hadaiwi fedha kwa sababu tu ametaja bei kubwa mnadani. Anadaiwa baada ya wakulima kuikubali bei, mauzo kuthibitishwa na ankara kumfikia. Kabla ya hapo wajibu wake upo, ila haujaiva. Ukiiva, saa yake huanza kuhesabiwa. Swali ni nani aliyeshuhudia ukiiva. Chama kikuu kinajua ankara ilitumwa lini, mnunuzi anajua aliipokea lini, na chama cha msingi, ambacho wakulima wake ndio wanaosubiri, hakijui lolote kati ya hayo mawili. Katika hali hiyo chama cha msingi kinaweza kudai fedha ambazo bado hazijawa deni, au kikakaa kimya siku nyingi baada ya muda kupita, kikidhani bado kuna nafasi.

Dawa yake ni kuifanya taarifa ya tukio kuwa wajibu unaojitegemea. Mwombe meneja wa chama kikuu akubali, kwa maandishi, kwamba kila ankara inapotumwa kwa mnunuzi, nakala au walau namba na tarehe yake itafika kwa vyama vya msingi vyenye mzigo kwenye mauzo hayo. Vivyo hivyo kwa malipo: fedha za mnunuzi zikiingia benki, vyama vipewe taarifa siku hiyo, hata kama mgawanyo bado haujafanywa. Ombi hili halimgharimu mtu chochote, na kwa maoni yangu ndilo lenye manufaa makubwa kuliko mengine yote yaliyomo humu.

Baada ya hapo fungua daftari la wajibu. Leja ya kawaida yenye mistari inatosha, na jedwali la kompyuta linatosha pia. Kinachohitajika ni kwamba kila loti, yaani kila fungu la mzigo linalosafiri pamoja, iwe na ukurasa wake. Kwenye kila ukurasa andika wajibu wote wa loti hiyo ukianzia kwenye magunia hadi malipo ya mwisho, na mbele ya kila mmoja weka hali yake: haujaiva, umeiva, umetimizwa, umevunjwa, umesamehewa, au umehamishwa. Hali mbili za mwisho husahauliwa sana. Wajibu uliosamehewa ni ule ambao wewe mwenye kudai umekubali usitimizwe, labda kwa sababu mvua ilikata barabara, nao lazima uambatane na barua au muhtasari wa kikao unaoonyesha nani aliridhia. Kukaa kimya kusichukuliwe kuwa msamaha. Wajibu uliohamishwa ni ule ambao aliyeubeba amempa mwingine autekeleze. Chama kikuu kinaweza kuwa kimeingia mkataba na kampuni ya usafirishaji, nayo ikakodi malori ya mtu mwingine msimu unapopamba moto. Dereva aliyekuja kupakia huenda hajawahi kuuona mkataba wowote. Kwenye daftari lako jina la aliyebeba wajibu mwanzo libaki palepale, na chini yake uandike anayetekeleza, kwa kuwa mkabidhi hajavuliwa deni hadi wewe umvue kwa maandishi.

Tutazame lori moja kwa karibu. Chama cha msingi kinapakia magunia 375 ya kilo 80, yaani kilo 30,000, na dereva anasaini hati ya kusafirishia mzigo. Lori linafika kwenye lango la ghala kuu jioni, linakuta foleni, na linalala hapo siku tatu. Siku ya nne mzigo unashushwa, unapimwa, na mizani ya ghala inasoma kilo 29,760. Zimepungua kilo 240. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ambayo Serikali iliitangaza Novemba 2018 ilipoamua kununua korosho za wakulima, upungufu huo ni shilingi 792,000, na kuna mtu atakayeubeba.

Katibu asiyekuwa na daftari atamtuhumu dereva, dereva atasema mizani ya chama ni mbovu, mwendesha ghala atasema ni unyaufu, yaani uzito uliopotea kwa kukauka, na mwishoni mwa msimu upungufu utagawanywa kimyakimya kwa wakulima. Mwenye daftari ataanza na maswali yanayojibika. Je, uzito wa pande zote mbili ulihesabiwa kwa namna moja, au upande mmoja ulitoa uzito wa magunia yenyewe na mwingine haukutoa? Je, mizani zote zina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu? Je, unyevu ulipimwa wakati wa kupakia, na ulisomeka ngapi ghalani? Kisha linakuja swali linaloamua mengi: wajibu wa ghala wa kupokea mzigo uliiva lini, lori lilipofika langoni au zamu yake ilipofika? Ikiwa mkataba unasema ni lilipofika langoni, basi siku tatu za foleni zimo kwenye hesabu ya mwendesha ghala, pamoja na unyaufu wa siku hizo. Ikiwa mkataba hausemi, utakuwa na mabishano tu.

Kwa hiyo kila hati ya kusafirishia iwe na nafasi ya tarehe na saa ya kufika langoni, na dereva aagizwe asiondoke kwenye lango bila mlinzi au karani wa ghala kuweka sahihi hapo. Sahihi hiyo moja hugawa safari katika vipande viwili, na kila kipande kina mwenye kuwajibika nacho. Vilevile kubalianeni mapema kiwango cha unyaufu kinachovumilika na namna kinavyohesabiwa. Upungufu ulio ndani ya kiwango haujavunja wajibu wowote, na ule unaozidi ni deni la mtu anayejulikana. Kuuacha unyaufu ujadiliwe baada ya mzigo kupimwa ni kumpa mwenye mizani ya mwisho neno la mwisho.

Upande wa fedha una ugumu wake. Mzigo husafiri kwa loti, lakini malipo hurudi yakiwa yamechanganywa: mnunuzi hulipa mauzo yote kwa mkupuo, chama kikuu hukata makato yaliyoidhinishwa pamoja na ushuru wa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, kisha kiasi kinachobaki hugawanywa kwa vyama. Fedha zikifika kwenye akaunti ya chama cha msingi bila maelezo, karani hawezi kujua wajibu upi umetimizwa na upi bado. Sisitiza kwamba namba ya stakabadhi ya ghala iandikwe kwenye kila hati inayofuata, yaani orodha ya mauzo, ankara, hati ya kutolea mzigo ghalani, na maelezo ya muamala wa benki. Mkipata namba moja inayotembea na mzigo tangu ghalani hadi benki, kulinganisha daftari lenu na la chama kikuu kutakuwa kazi ya nusu saa. Bila namba hiyo mtalinganisha kwa kukisia tarehe na jumla, na hesabu mbili tofauti zinaweza kufanana kwa bahati.

Makato nayo yaandikwe kama wajibu. Chama kikuu kinachokata fedha kwa ajili ya pembejeo au magunia kimebeba jukumu la kuzifikisha zinakotakiwa, na wakulima wanaostahili kuonyeshwa hati ya kufika kwa fedha hizo ni walewale waliokatwa. Katika vyama vingi makato huishia kuwa mstari kwenye karatasi ya malipo, na hilo halitoshi.

Malipo yakikwama benki, angalieni kwanza wajibu wenu wenyewe. Mara nyingi muamala wa mkulima hurudishwa kwa sababu jina lililo kwenye orodha ya chama halifanani na jina la akaunti, au tarakimu moja ya namba imekosewa. Orodha sahihi ni jukumu la chama cha msingi, na benki haiwezi kulaumiwa kwa kulipa kama ilivyoandikiwa. Rudisheni orodha kwa kila mkulima aihakiki kabla ya mnada wa kwanza. Wala msiitume kwenye kundi la WhatsApp la wanachama ili “kila mtu ajiangalie”. Majina, namba za akaunti na kilo za watu ni taarifa zao binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata viongozi wa ushirika.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo viongozi wengi hawalipendi. Daftari lazima liwe na wajibu wenu kwa wengine kwa ukamilifu uleule: kukausha na kuchambua korosho kwa daraja kabla ya kupakia, kuwa na mzigo tayari siku lori lilipoitwa, kutunza magunia mliyopewa, kupeleka orodha kwa wakati. Sababu yake si uungwana peke yake. Wajibu wa taasisi moja mara nyingi ndio sharti la wajibu wa nyingine, na lori lililokaa siku nzima kwenye ghala la chama likisubiri korosho zichambuliwe upya haliwezi kudaiwa kwa kuchelewa kufika Mtwara. Upande wa pili nao utaliamini daftari lenu utakapoona mmejiandikia makosa yenu humo bila kuficha.

Ufuatiliaji wenyewe uwe wa kila siku ya msimu, kwa saa maalumu. Karani apitie kurasa zote zilizo wazi, aangalie ni wajibu upi umeiva tangu jana, upi muda wake unaisha leo au kesho, na upi umepita. Unaokaribia kuisha upelekewe ukumbusho kwa simu au ujumbe, kwa lugha ya heshima na yenye namba: “Ndugu Meneja, loti yenye stakabadhi namba fulani, ankara ya tarehe fulani, muda wa malipo unaisha kesho. Tunaomba taarifa ilipofikia.” Ujumbe wa namna hiyo hujibiwa, kwa sababu anayeupokea haulizwi habari za jumla, anaulizwa kitu anachoweza kukitafuta. Ukipita muda, simu haitoshi tena. Andikeni barua, hata kama mtaituma kwa baruapepe, na mhifadhi nakala na uthibitisho wa kupokelewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, kwa hiyo ujumbe wa simu una thamani yake, mradi usifutwe na usibaki kwenye simu ya karani aliyeacha kazi.

Kabla ya kuandika neno “umevunjwa” hakikisheni mambo matatu: kwamba tukio la kuanzia lilitokea kweli na lina hati, kwamba muda umepita kwa hesabu ya mkataba wala si kwa hesabu ya hamu ya wakulima, na kwamba hamkuwa nyinyi mliozuia. Mkiridhika, pandeni ngazi kwa utaratibu, kuanzia taasisi yenyewe, kisha chama kikuu, kisha Ofisi ya Ushirika ya mkoa au Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala kutegemea ni nani anayedaiwa. Wasimamizi hawa wana mamlaka, lakini hawawezi kufanya kazi na malalamiko ya mdomo. Wapelekeeni ukurasa wa loti na viambatisho vyake. Ikiwa kuna hasara ya fedha inayodaiwa, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyeumia haki ya fidia kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba, na hapo ndipo hesabu ya kilo 240 inapohitaji tarehe, saa na sahihi.

Lipo pia tatizo la masharti kubadilika katikati ya msimu. Mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho, mnunuzi alibadilika, malori ya jeshi yakaingia kazini, na uhakiki wa wakulima ukawekwa kabla ya malipo. Kila badiliko la namna hiyo huongeza sharti jipya kati ya mzigo na fedha, na daftari la zamani huanza kuonyesha watu wamevunja ahadi ambazo kwa kweli zimeahirishwa kihalali. Tangazo la mabadiliko likitoka, fungueni kila ukurasa ulio wazi, andikeni sharti jipya pamoja na tarehe ya tangazo na anayewajibika kulitimiza, kisha waelezeni wanachama kwenye mkutano. Mkulima anayejua kwamba fedha zinasubiri uhakiki, na anayejua nani anahakiki, anaweza kuvumilia kwa muda fulani. Asiyeambiwa kitu huuza mzigo unaofuata kwa kangomba, yaani kwa walanguzi walio nje ya mfumo rasmi.

Msimu ukifungwa, msiubebe mrundo wa kurasa zilizo wazi hadi kwenye mkutano mkuu. Kaeni na chama kikuu na mwendesha ghala, mlinganishe loti kwa loti, na kila wajibu uliobaki ugeuzwe kuwa barua ya kukiri deni yenye kiasi, tarehe ya kulipa na sahihi za pande zote. Barua hizo ndizo atakazozihitaji mkaguzi wa COASCO, shirika la serikali linalokagua hesabu za vyama vya ushirika. Kisha hesabuni ni wajibu upi ulivunjwa mara nyingi kuliko mingine, na kwa nini. Ikiwa ni foleni ya langoni, kipengele cha muda wa kupokea mzigo kiingizwe kwenye mkataba wa ghala kabla ya msimu ujao. Ikiwa ni fedha zisizo na namba ya stakabadhi, kiingizwe kwenye makubaliano na chama kikuu na benki. Mapendekezo hayo yapelekwe mapema, wakati mikataba ya msimu ujao bado inaandikwa.